Mtu Anayesitasita



Mpendwa msomaji, Dominika hii nakualika umfikirie mtunzi wa tamthilia. Miguel Sabido wa Meksiko ni miongoni mwa waliotangulia kuifanya tamthilia ya televisheni iwe shule. Mwaka 1975 alianza Ven conmigo, hadithi ya watu wazima wanaojifunza kusoma. Watazamaji walipoelekezwa mahali pa kuchukua vitabu vya masomo, walifurika huko hata barabara zikaziba.

Siri yake ilikuwa nini? Aliweka wahusika wa aina tatu: mwema, mwovu, na mmoja anayesitasita katikati. Mtazamaji huandamana na huyo wa tatu. Huanguka naye, huinuka naye.

Mbinu hiyo ilifika kwetu Julai 1993, Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na wanawake njiani, na mwishowe akapata UKIMWI. Mkewe Tunu, aliyezoea kuvumilia, taratibu alipata ujasiri akaanzisha biashara yake ndogo. Kwa miaka 2 ya mwanzo Dodoma haikurushiwa mchezo huo, ili watafiti walinganishe. Waliona kwamba kwingine ulikosikika, wasikilizaji wengi walianza kujilinda.

Ndugu wa Kibondo na Kasulu, hadithi hii si ya mbali. Wazee wetu Waha walikwenda umanamba kwenye mkonge wa Tanga, wake wakabaki na mashamba ya maharage. Leo malori hupita Nyakanazi, Kibondo, Kasulu hadi Kigoma. Nyumba nyingi zina mtu anayesubiriwa. Yupo baba aliyerudi safari na anaogopa kwenda kupima. Yupo mama anayejua, lakini ananyamaza.

Maandiko yanaifahamu njia hii. Nabii Nathani hakumkaripia Daudi kwanza. Alimsimulia habari ya maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee. Daudi akakasirika, akatoa hukumu, kumbe anajihukumu mwenyewe (2Sam 12). Na Bwana wetu, katika mfano wa baba mwenye huruma, alimwacha kaka mkubwa nje, baba akimsihi aingie (Lk 15). Je, aliingia? Yesu hakusema. Mwisho wa hadithi ameuacha mikononi mwa msikilizaji.

Basi, usipoteze Dominika ukitafuta nani ni Mkwaju katika jumuiya yako. Jiulize ni wapi unasitasita wewe. Kama ni kupima, nendeni pamoja, mume na mke, wiki hii. Kama ni neno la kweli nyumbani, liseme leo jioni kwa upole, watoto wakishalala. Na mwenzako akikuambia ukweli wake, mpokee kwanza, maswali yatafuata.

Baba bado yuko nje, anatusihi tuingie.

Dominika njema.