Namna ya Kutengeneza Randa Ipate Kukata Vema

Watu wengi katika vijiji vya Kamina wajua sana msumeno, shoka na patasi, lakini randa waiogopa. Wasema, "Randa hii ni mbaya, yang'oa mbao." Kisha wanunua nyingine mjini, nayo baada ya mwezi mmoja yafanya vile vile. Nimetazama randa nyingi za namna hiyo, na zilizo mbaya kweli ni chache. Zilizobaki hazikutengenezwa tu, kwa maana randa haiwi tayari kwa kununuliwa. Yapasa mwenyewe aitengeneze, na kuitengeneza tena kila siku ya kazi.

Hasara yake si ndogo. Mulombwa unaokatwa leo, ule ambao watu wa Tanzania wauita mninga, huenda ni mzee kuliko babu yako. Watu wawili huupasua kwa msumeno mrefu, mmoja juu na mmoja chini, mchana kutwa, wapate mbao chache. Mtu mwenye randa mbovu aweza kuziharibu zote kabla ya jua kusimama. Na miti yenyewe yapungua. Mukula, ndugu yake mulombwa, ulikatwa kwa wingi katika Katanga katika miaka ya 2010 ukapelekwa mbali, hata mwaka 2019 mataifa yakauandika katika orodha ya miti isiyouzwa nje ya nchi bila hati. Mbao zilizobaki si za kuchezewa.

Tena kuna fedha. Tangu reli ilipotoka Bukama ikapita Kamina na kufika Ilebo mwaka 1928, na tangu njia ya Kabalo ilipounganishwa mwaka 1956, Kamina ni njia panda. Kiti kizuri kilichofanyizwa kijijini chaweza kupata mnunuzi katika miji ya migodi, Likasi au Lubumbashi. Lakini mnunuzi hupitisha mkono juu ya mbao kabla ya kutaja bei. Akisikia mashimo, hupunguza nusu.

Hata mfugaji wa nyuki ataka randa. Mizinga ya papi, iliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1970, yafunikwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja milimeta 32 kwa upana. Kipande kikipindika, nafasi yabaki na nyuki watoka juu. Kikiwa kipana mno, nyuki wajenga sega moja juu ya vipande viwili, na siku ya kuvuna huwezi kuinua kimoja bila kuvunja asali.

Basi tuangalie randa yenyewe. Mwili wake ni wa mti au wa chuma. Chini ni tumbo, na katika tumbo mna kinywa, yaani tundu jembamba ambamo chuma chenye makali kinachungulia. Juu ya chuma hicho mna chuma cha pili kisichokata, kimefungwa kwa skurubu. Hicho tutakiita kifuniko. Katika randa ya mti vyote viwili vyakazwa kwa kabari.

Kazi ya kwanza ni kunoa, na hapa ndipo wengi wanapokosa. Wanoa pande zote mbili kama kisu cha nyama. Sivyo. Chuma cha randa kina mteremko upande mmoja tu, na mgongo wake sharti uwe sawa kabisa. Anza na mgongo: ulaze mzima juu ya jiwe, usiuinue hata unene wa karatasi, uusugue mpaka sehemu iliyo karibu na makali ing'ae yote. Kazi hii ya mgongo ni ndefu mara ya kwanza tu.

Kisha geuza, unoe mteremko. Urefu wake uwe mara mbili ya unene wa chuma, au kuzidi kidogo. Chuma cha unene wa milimeta 3 kitakuwa na mteremko wa milimeta 6 au 7. Ukiwa mfupi kuliko hapo, randa itasukuma bila kukata. Ukiwa mrefu sana, makali yatavunjika katika mti mgumu. Shika chuma kwa mikono miwili, usiyumbishe mikono juu na chini. Tumia maji au mafuta ya taa. Mawese hayafai, kwa maana yaganda na kuziba jiwe. Na jiwe lenyewe likiwa na shimo katikati, chuma nacho kitakuwa na tumbo. Lisugue juu ya sakafu ya simenti kwa mchanga na maji mpaka linyoke.

Endelea mpaka usikie kwa kidole, upande wa mgongo, kitu kama uzi mwembamba unaokwaruza. Ni alama kwamba makali yamefika. Laza mgongo juu ya jiwe laini, uondoe uzi huo, rudi kwenye mteremko kidogo, tena mgongo, kisha sugua juu ya ngozi ya mkanda. Mwisho, ondoa kidogo pembe mbili za makali, zisiache mistari juu ya mbao. Ukitaka kujua kama ni makali, gusisha chuma pole pole juu ya ukucha wa kidole gumba: kikishika ni tayari, kikiteleza rudi kwenye jiwe. Wenye jiwe la kuzungusha waangalie jambo moja: wachovye chuma katika maji mara kwa mara. Kikigeuka rangi ya buluu kimeungua, na mahali pale hapatashika makali tena mpaka uzimalize sehemu zote za buluu kwa kunoa.

Kazi ya pili ni kifuniko, ambacho watu wengi wadhani ni pambo. Unajua unavyobandua ganda la mti upate kamba: ukivuta, lapasuka mbele ya mkono wako, wala si pale unapotaka. Maranda nayo yafanya hivyo, yapasuka mbele ya makali na kung'oa mbao. Kifuniko kiko pale ili kuyakunja na kuyavunja mapema. Kwa hiyo kiweke karibu na makali: milimeta 1 au zaidi kidogo kwa mti laini, na kwa mulombwa unene wa ukucha tu. Kaza skurubu, kisha viinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga kati ya vyuma hivyo viwili, maranda yataingia humo na kuziba kinywa. Noa ncha ya kifuniko mpaka ilale sawa.

Sasa rudisha vyuma ndani. Geuza randa, utazame juu ya tumbo lake kama mwindaji anavyolenga bunduki. Makali yaonekane kama unywele mweusi, sawa kutoka upande hata upande. Randa ya chuma ina gurudumu la kushusha makali, na mkono mdogo wa kuyanyosha. Kwa randa ya mti, gonga kichwa cha chuma kwa nyundo ya mti ili kishuke, gonga kisigino cha randa ili kirudi, gonga ubavu wa chuma ili kinyoke. Kila mara kaza kabari tena, polepole, kwa kuwa kabari iliyopigwa kwa nguvu yapasua mwili wa randa. Anza na makali yaliyofichika kabisa, uyashushe kidogo kidogo huku ukijaribu juu ya kipande kibovu.

Tazama pia ubavu wa mbao. Nyuzi zake zapanda upande mmoja, nawe sukuma kufuata kupanda kwao, kama unavyompapasa mbuzi. Ikiwa yang'oa, geuza mbao kabla ya kulaumu chuma. Katika mulombwa pengine nyuzi zageuka katikati. Hapo punguza makali, sogeza kifuniko, usukume kwa mshazari.

Paka tumbo nta ya nyuki, nawe utaona mikono haichoki upesi. Ukipumzika, laza randa ubavu. Na wakati wa mvua, toa chuma jioni, kifute, kipake mafuta, usikiache ndani ya mti wenye maji, kwa maana kutu ya usiku mmoja yala makali ya kazi ya asubuhi nzima.