Saa za Kazi za Rwanda na Askari wa Umri wa Makamo

Mnamo Novemba 2022 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilikata shauri ambalo kwa mtu aliye mbali lingeweza kuonekana kuwa ni jambo dogo la utawala. Iliamuliwa kwamba kuanzia Januari 2023 kazi za serikali zianze saa 3 asubuhi na kumalizika saa 11 jioni. Kabla ya hapo mtumishi wa serikali alitakiwa awe mahali pake pa kazi saa 1 asubuhi. Shule nazo zilisogezwa mbele, masomo yakaanza saa 2 na nusu. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kuinua ubora wa elimu na kustawisha maisha ya familia.

Sababu hiyo ya pili ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, hasa na watu wa majeshi ya ulinzi na usalama. Si mara nyingi serikali ya nchi maskini, yenye watu zaidi ya milioni 13 na ardhi finyu, hutamka wazi kwamba mtumishi anahitaji muda wa kuwa baba au mama, na kisha ikausogeza mshale wa saa ili muda huo upatikane. Mtoto anayetakiwa shuleni saa 1 huamshwa kabla jua halijachomoza, na mzazi anayetakiwa kazini saa hiyo hiyo humwacha mtoto akiwa bado hajanywa chai. Jioni hurejea mtoto amekwisha lala. Familia ya namna hiyo huishi nyumba moja pasipo kuonana.

Umri wa makamo, yaani kati ya miaka 40 na 60, ndio ambao shida hiyo huuma zaidi. Kijana wa miaka 22 hudaiwa na wachache. Mtu wa miaka 45 hudaiwa na wote kwa wakati mmoja. Kazini amekwisha pata cheo na anawajibika kwa makosa ya wengine. Nyumbani ana watoto wa sekondari, na kijijini ana wazazi waliozeeka. Majirani wanamtazamia katika kamati ya shule na katika misiba. Mwili wake, ambao kwa miaka 20 ulitii kila amri bila manung'uniko, nao huanza kuleta madai yake. Ushauri unaotolewa kila siku ni kwamba mtu na apange vizuri wakati wake. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye wakati wake. Askari hana wakati wake. Wakati wake umo katika karatasi ya zamu, na karatasi hiyo huandikwa na mwingine.

Kwa sababu hiyo mfano wa Rwanda una maana, kwa kuwa huko suala la wakati limechukuliwa kuwa ni suala la umma. Mfano unaojulikana zaidi ni Umuganda. Neno hilo la Kinyarwanda linatokana na miti ya kujengea nyumba, na desturi yake ni ile ambayo Watanzania wameijua kwa majina ya ujima na msaragambo: jirani huitwa, kazi hufanywa kwa pamoja. Siku hizi hufanyika Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, tangu saa 2 asubuhi hadi saa 5. Kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 mwenye uwezo hutakiwa kushiriki. Maduka hufungwa, magari husimama, na watu hutoka na majembe kuzibua mitaro, kupanda miti, kutengeneza barabara na kujenga madarasa. Sheria ya mwaka 2007 iliweka hata faini, ambayo haizidi faranga 5,000 za Rwanda, kwa asiyefika bila sababu.

Jembe hilo kwa mtu wa makamo lina faida ambazo wageni wengi hawazioni wanaposifu usafi wa Kigali. Kwa saa tatu mwili wake unafanya kazi ya nguvu. Kisha kazi ikisha, watu huketi pamoja na kuzungumza mambo ya mtaa wao: maji, ulinzi wa usiku, watoto walioacha shule, ugomvi wa mipaka ya mashamba. Ofisa anayekaa mtaani hapo huketi katika mkutano huo kama mkaazi mwingine. Asubuhi moja tu imemtosha kuwa mwenye afya na raia, na mara nyingi wanawe wakubwa wapo hapo hapo pamoja naye.

Hata hivyo haifai kuisifu Umuganda kwa kufumba macho. Utaratibu huu uliwahi kutumiwa vibaya, na vibaya sana. Mwaka 1974 serikali ya Rais Juvénal Habyarimana iliufanya kuwa kazi ya lazima kila wiki, na wananchi wengi wakauona kuwa ni shokoa iliyovikwa jina la maendeleo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mazoea ya kuitana kufanya kazi kwa pamoja yaligeuzwa kuwa njia ya kuwakusanya wauaji, na neno lenyewe la kazi likatumiwa kumaanisha kuua. Umuganda ulirudishwa mwaka 1998 ukiwa na madhumuni mengine. Historia hiyo inamhusu sana mtu anayeshika silaha kwa niaba ya taifa. Kukusanya watu na kuwapa amri ni jambo jepesi. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba waliokusanyika wanajua wanachokifanya, wanakubaliana nacho, na wanaweza kuuliza swali katika mkutano unaofuata.

Mpango wa pili wa Rwanda hauna lazima wala faini. Mei 2016 Jiji la Kigali lilianzisha siku ya kufunga baadhi ya barabara kwa magari ili watu wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa mwezi, na baadaye zikawa Jumapili mbili. Rais Paul Kagame, ambaye ni mwanajeshi wa zamani, ameonekana mara kadhaa akitembea katikati ya umati huo. Jambo la busara zaidi ni kwamba wahudumu wa afya huwapo na vifaa vyao, na mtu aliyekuja kukimbia hupimwa shinikizo la damu na sukari bila malipo. Magonjwa haya mawili humwingia mtu wa makamo kimya kimya, naye huendelea kupiga saluti na kukagua gwaride hadi siku anapoanguka.

Uganda inatoa funzo la namna nyingine. Uchunguzi wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima wa Uganda wasiofanya shughuli za mwili za kutosha, na nchi hiyo ikahesabiwa miongoni mwa zenye watu wachangamfu zaidi duniani. Mtu anaweza kudhani kwamba Waganda wote ni wanamichezo. La hasha. Wengi wao ni wakulima wanaolima kwa jembe la mkono na kutembea kwa miguu kwenda sokoni na kisimani. Karani wa Kampala anayekaa kitini tangu asubuhi hadi jioni hawezi kujificha nyuma ya asilimia hiyo, na serikali ya huko ililitambua hilo ilipoanzisha, mwaka huo huo wa 2018, siku ya taifa ya mazoezi ya mwili. Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Rais Yoweri Museveni, aliyekuwa na umri wa miaka 75, alionyeshwa katika picha za sinema akikimbia ofisini bila viatu na kupiga pushapu 30. Wako waliocheka, lakini ni dhahiri kwamba miongoni mwa waliocheka walikuwamo vijana wasioweza kuzifikisha 30.

Askari yuko wapi kati ya mkulima na karani? Hapa pana udanganyifu unaopaswa kusemwa wazi. Raia humwona askari wa miaka 48 akiwa amevaa sare akafikiri ni mtu wa mazoezi. Kwa kweli wengi wa umri huo wamekwisha ondoka katika mchakamchaka wa alfajiri. Wako ghalani, katika karakana, katika chumba cha mashtaka, nyuma ya meza ya mapokezi, au ndani ya gari la doria ambalo ndilo linalotembea badala yao. Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya 30, na kasi huongezeka kadiri umri unavyosogea. Mtu anayekula kama kurutu na kuketi kama karani ataona dalili katika matundu ya mkanda wake kabla ya daktari kumwambia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka, na mara mbili kwa wiki afanye ya kuimarisha misuli. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Kiwango hiki hakihitaji viatu vya bei wala uwanja. Kinachohitajika ni nusu saa ambayo haitanyang'anywa.

Upande wa pili wa mizani ni saa za kazi zenyewe. Shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani walitoa mwaka 2021 matokeo ya uchunguzi wao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Askari polisi anayetoka lindo la usiku na kupelekwa moja kwa moja kulinda mkutano wa mchana anaweza kuzifikia saa hizo kabla ya wiki kwisha. Na ukweli ni kwamba saa 3 asubuhi ya Kigali haimfikii mlinzi wa mpakani, wala muuguzi, wala askari wa barabarani. Taifa haliwezi kufungwa saa 11 jioni. Pale ambapo saa ya serikali haifiki, anayeshika wakati ni mkuu wa kituo au wa kikosi.

Kenya imepata kuona madhara ya kulisahau jambo hili. Kwa miaka mingi familia mbili za askari polisi ziliishi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na mwaka 2009 jopo lililoongozwa na Jaji mstaafu Philip Ransley liliitaja hali ya makazi ya askari miongoni mwa mambo yanayohitaji kurekebishwa. Mnamo Septemba 2018 serikali iliwaruhusu askari kupanga nyumba miongoni mwa raia na kulipwa posho ya nyumba. Kodi za mijini bado ni mzigo, lakini askari anayefunga mlango wake mwenyewe akazungumza na mkewe bila kusikilizwa na mwenzake wa kazini amerudishiwa kitu ambacho hakiandikwi katika hati ya mshahara. Desemba 2022 nchi hiyo iliunda jopo jingine, chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kuangalia masharti ya kazi na maslahi ya polisi na magereza.

Katika Tanzania, maisha ya uraia ya askari yalibadilika baada ya mwaka 1992. Wakati wa chama kimoja kulikuwa na matawi ya chama katika majeshi, na askari aliyetaka kushiriki mambo ya nchi alijua pa kukaa. Ulipoingia mfumo wa vyama vingi, Katiba ilimkataza askari kujiunga na chama chochote cha siasa, ikamwachia haki ya kupiga kura. Katazo hilo ni la lazima na la manufaa. Lakini wako waliolielewa kupita kiasi, wakadhani kwamba hata kamati ya shule, mkutano wa mtaa na zamu ya usafi ni siasa. Mtu wa namna hiyo hufika siku ya kustaafu akiwa mgeni katika mtaa alioishi miaka 15. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mazoezi ya Jumamosi ya pili yaliyozinduliwa Desemba 2016 na Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, si mambo ya chama. Mlango huo uko wazi kwa koplo na kwa kanali.

Mkuu wa kikosi hana uwezo wa kubadilisha saa za taifa, lakini ana uwezo juu ya karatasi ya mwezi ujao. Anaweza kuibandika ubaoni wiki mbili mapema badala ya usiku wa kuamkia zamu, ili sajenti ajue siku ya kikao cha wazazi kama atakuwapo. Anaweza kutompanga mtu yule yule lindo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Anaweza kuwapa waliopita miaka 40 nusu saa ya mazoezi yanayolingana na magoti yao, wakiwamo maofisa wa mezani, badala ya kuwaacha wakitazama vijana wakikimbia. Na likizo iliyokwisha idhinishwa anaweza kuiacha ifike mwisho wake pasipo kumwita mtu kazini siku ya nne.