Chuma Kilichoanguka Mukuku: Wataalamu wa Nyota Wanajuaje?

Tarehe 30 Desemba 2024, yapata saa tisa alasiri, duara kubwa la chuma lilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, upande wa Mbooni, Kaunti ya Makueni. Upana wake ulikuwa kama mita 2.5 na uzito kama kilo 500, yaani zaidi ya magunia matano ya mahindi. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Polisi walilinda mahali pale, na maofisa wa Shirika la Anga za Juu la Kenya wakaja wakakichukua kile chuma. Tarehe 1 Januari 2025 shirika hilo lilieleza kwamba, kwa uchunguzi wa kwanza, ni pete ya roketi, ile inayoshikanisha sehemu mbili mpaka wakati wa kuachana ufike.

Tangu wakati huo maswali hayajaisha katika mikutano ya vikundi. Wengine wanauliza ni nani atalipa kama chuma cha namna hiyo kitaangukia nyumba au ng'ombe. Wengine wanauliza kwa nini watu hawakuonywa. Lakini swali ambalo mimi naona ndilo la msingi ni hili: huyo mtaalamu aliye Ulaya anajuaje kwamba hiki ni chuma cha roketi ya mwaka fulani, na hajaweka mguu Mbooni? Tuanze na hilo, maana ukilielewa, mengine yanafuata.

Kwanza tutenganishe watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa. Mnajimu ni yule anayekuambia bahati yako kwa kutazama nyota, na kwa kawaida anataka pesa. Mwanaastronomia ni mtu wa kupima. Anapima mwanga, pembe na saa, halafu anapiga hesabu ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia na kuikosoa.

Aliyeanza na mawe

Mmoja wa waliochunguza habari za Mukuku kwa makini ni Marco Langbroek wa Uholanzi. Usomi wake wa kwanza haukuwa wa nyota. Alikuwa mwanaakiolojia, mtu wa kuchunguza mabaki ya watu wa kale, na alipata shahada ya udaktari huko Leiden kwa mambo ya zama za mawe. Wale waliofika Olorgesailie, kwenye njia ya kwenda Magadi, wameona kazi ya namna hiyo: mashoka ya mawe yamelala chini, na mtu anapima kila kimoja kilipolala kabla hakijaguswa.

Tabia hiyo ya kupima aliipeleka angani. Alichunguza vimondo, na zile asteroidi, yaani miamba inayolizunguka jua kama sayari ndogo ndogo. Iko asteroidi yenye namba 183294 ambayo imepewa jina la Langbroek kwa heshima yake. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, kazi yake ikiwa ni kufuatilia kwa kamera na darubini vyombo vinavyoizunguka dunia. Mwezi Mei 2019, akiwa Leiden, alinasa kwa video setilaiti za Starlink zikipita angani kwa mstari mmoja kama mabehewa ya treni, muda mfupi tu baada ya kurushwa. Picha hiyo ilionekana dunia nzima.

Na vifaa vyake si vile vya mamilioni tunavyofikiria. Ni kamera yenye lenzi ya kuingiza mwanga mwingi, saa isiyokosea hata sehemu ya sekunde, na kujua barabara mahali anaposimama.

Nyota ni bikoni

Hebu mfikirie mpimaji wa mashamba. Anapokuja kugawa ardhi, hasemi tu "shamba la fulani liko pale karibu na mbuyu." Anatafuta bikoni ambazo mahali pake panajulikana, anasimamisha chombo chake, anasoma pembe. Akisoma pembe kutoka bikoni mbili anajua kona ya shamba iko wapi, hata kama kuna korongo katikati na hawezi kufika.

Mtaalamu wa anga anafanya vivyo hivyo, ila bikoni zake ni nyota. Mahali pa kila nyota pamekwisha pimwa na kuandikwa. Setilaiti ikipita, kamera inaonyesha imepita kati ya nyota gani na gani, na saa inaonyesha ilikuwa sekunde gani. Vipimo vya namna hiyo vikiwa vingi, njia ya chombo inajulikana. Na kimondo kikiwaka angani, kamera mbili zilizo mbali mbali, tuseme moja Mwingi na nyingine Wote, zingetosha kuonyesha kilikuwa juu kiasi gani na kilielekea wapi.

Hata sisi tunaweza kuona setilaiti bila chombo chochote. Jioni kukisha kuwa giza, angalieni juu muda wa saa moja hivi. Mtaona kinyota kinachotembea taratibu bila kumetameta na bila taa nyekundu ya ndege. Hakina taa yake. Huku chini jua limetua, lakini kule juu bado linakipiga.

Mwanga peke yake unaweza kusema mambo makubwa. Tarehe 10 Machi 1977, James Elliot wa Marekani na wenzake walikuwa ndani ya ndege juu ya Bahari ya Hindi, mbali sana kusini. Ndege hiyo ilikuwa na darubini ya karibu sentimita 91 na kifaa cha kupima mwanga. Walingoja sayari ya Uranus ipite mbele ya nyota, ili wajue hewa yake ikoje. Kabla sayari haijafika, nyota ikafifia kidogo, ikarudi, ikafifia tena, mara kadhaa. Sayari ilipokwisha kupita, ikafifia tena upande wa pili kwa mpangilio ule ule. Walikuwa wamegundua pete za Uranus. Hakuna aliyeziona kwa macho siku hiyo. Walichokuwa nacho ni mstari wa kalamu uliopanda na kushuka kwenye karatasi.

Sasa kile chuma

Vipande vikubwa vinavyozunguka dunia vimepewa namba, kama ng'ombe walivyo na alama. Langbroek alitazama orodha: ni kipi kilitarajiwa kushuka siku ile ya Mukuku? Akasema kama duara lile limetoka angani, kinachoelekea zaidi ni kitu namba 33155, sehemu ya roketi ya Ariane iliyorushwa Julai 2008 na setilaiti mbili. Kitu hicho ni kama kasha la kubebea setilaiti moja juu ya nyingine. Kilibaki kikizunguka zaidi ya miaka 16.

Lakini yeye mwenyewe alisema ushahidi si mzito. Na Jonathan McDowell, mwanaastronomia mashuhuri anayeweka orodha ya vyombo vyote vya angani, hakuridhika kabisa, kwa sababu hakuona kwenye chuma kile alama za kuungua ambazo angetarajia. Langbroek naye akajibu kwamba vipande vingine vilivyookotwa kilomita kadhaa kutoka pale vilifanana na vitu vya angani. Wengine wetu hukasirika wataalamu wasipokubaliana. Mimi naona ni afadhali hivyo kuliko uvumi uliozagaa siku zile, wa kutaja nchi hii na ile bila kipimo chochote.

Kuhusu onyo: kitu cha angani huenda karibu kilomita 28,000 kwa saa. Mkikosea dakika kumi tu katika kukisia saa ya kushuka, mmekosea kama kilomita 4,700, zaidi ya kutoka Nairobi hadi Cape Town. Na hewa ya juu hutanuka na kusinyaa kufuatana na jua, kwa hiyo kukosea dakika kumi ni jambo dogo sana. Hakuna chifu ambaye angeweza kuitisha baraza Mukuku asubuhi ile na kuwaambia watu waondoke.

Kikianguka kwenu

Si kila kitu kinachotoka juu ni roketi. Tarehe 16 Julai 2011 mawe ya kimondo yalianguka upande wa Thika. Jiwe la kimondo huwa zito kuliko jiwe la kawaida la ukubwa huo, kwa kawaida huwa na ganda jeusi jembamba, na mara nyingi sumaku hulivuta. Halina misumari, waya wala mashimo ya kutobolewa kwa mashine. Jiwe hilo halina madhara, tena lina thamani kwa elimu.

Chuma cha roketi ni habari nyingine. Matangi ya roketi na setilaiti huweza kubaki na mafuta yenye sumu kali. Kwa hiyo msikiguse, msikikate, na yule mnunuzi wa vyuma chakavu akija na mizani yake, mrudisheni. Watoto na mifugo wakae mbali. Mwambieni naibu wa chifu na polisi siku hiyo hiyo.

Na malipo? Kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972. Unasema nchi iliyorusha chombo itawajibika kwa hasara kilicholeta ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Mwaka 1978 setilaiti ya Urusi ya wakati ule, Kosmos 954, yenye mtambo wa nyuklia, ilianguka Kanada. Kanada ilidai kama dola milioni sita za nchi hiyo, na mwaka 1981 ikakubali kulipwa milioni tatu. Lakini mwanakijiji hadai mwenyewe. Serikali yake ndiyo inayodai kwa niaba yake, na mkataba unatoa mwaka mmoja tangu hasara itokee au tangu nchi yenye chombo ijulikane.

Hapo ndipo katibu wa kikundi ana kazi. Siku hiyo hiyo aandike katika kitabu cha kumbukumbu: saa, shamba la nani, sauti ilisikika kutoka upande gani, nini kiliharibika na bei yake, na majina ya walioona. Picha ipigwe kwa mbali, jembe likiwa limewekwa chini upande wa huku ili ukubwa ukisiwe, kabla gari la serikali halijafika kukichukua.