Nani Huanzisha Programu ya Kwanza?

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha, tulihudhuria somo la kompyuta la darasa la sita. Mwalimu alikwisha kueleza kwamba kila programu huanzishwa na nyingine. Mtoto mmoja akauliza: "Na ile ya kwanza, mwalimu?" Akajibiwa kuwa hilo ni la sekondari. Sisi twaona lilikuwa swali bora la kipindi kizima, na jibu lake lahitaji chaki tu.

Tuchukue mfumo wa uendeshaji wa Linux, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Kiini chake hutawala kumbukumbu na vifaa. Programu za kawaida hukaa nje ya mpaka, katika eneo la mtumiaji. Kiini kina nyuzi zake, yaani mikondo ya kazi isiyo na kumbukumbu yoyote katika eneo hilo. Kompyuta iwashwapo, kiini huunda uzi namba 1. Uzi huo humaliza matayarisho, hutafuta faili la programu ya kwanza, kwa kawaida /sbin/init, hupatiwa kumbukumbu mpya, hupakia programu humo, kisha huvuka mpaka. Tangu hapo ni programu kama nyingine. Faili lisipopatikana, mashine husimama papo hapo.

Mwalimu achore mstari sakafuni. Mtoto asimame upande wa kiini, mikono mitupu. Apewe dawati, ndiyo kumbukumbu, na daftari, ndiyo programu, ndipo avuke. Akiisha kuvuka, harudi kujichukulia kitu: hunyoosha mkono na kuomba.

Kuna jambo la pili, na hapa wengi huteleza. Kiini kikitakiwa kusoma diski yenye mpangilio wa mafaili kisioujua, huweza kuomba msaada wa programu ya nje iitwayo modprobe. Uzi unaopokea kazi hiyo hauvuki wenyewe, kwani una kazi nyingine zinazoungoja. Huunda uzi mwingine, na huo ndio uvukao. Mwanachuo wetu mmoja alimvusha mpokeaji mwenyewe, na foleni ya watoto ikabaki bila wa kuihudumia. (Watoto ndio waliomsahihisha.)

Msaidizi huyo huvuka akiwa na mamlaka ya juu kabisa ya mfumo. Mahali pa faili lake huandikwa katika /proc/sys/kernel/modprobe. Mwovu akiweza kupabadilisha, kiini chenyewe kitamwanzishia programu yake kwa mamlaka hayo. Katika mchezo wetu, mtoto mmoja abadilishe daftari kwa siri kabla mwenzake hajavuka, na darasa liulizwe ni nani aliyepaswa kulikagua.