Kazi ya Kuwahudumia Wageni, na Mafunzo Yake kwa Vijana wa Lurambi

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wengi wa Lurambi hukaa na watoto wao kushauriana juu ya chuo cha kuendea. Ualimu hutajwa, uuguzi hutajwa, na ufundi wa umeme pia. Kazi ya hoteli hutajwa mwisho, na mara nyingi mzazi huipokea kwa uso uliokunjamana. Husema, "Mwanangu, nimekulipia karo miaka minne ili uende ukaoshe sahani za watu?" Swali hilo lastahili jibu, na hapa twajaribu kulieleza jambo hili jinsi lilivyo, faida yake na hatari zake.

Dharau hiyo ina asili yake. Dhahabu ilipovumbuliwa katika wilaya ya Kakamega mwaka 1931, Wazungu wengi walimiminika huku, na mgodi mkubwa wa Rosterman, ambao mahali pake ni hapa hapa Lurambi, ulifanya kazi hata ukafungwa mwaka 1952. Penye wageni pana wapishi. Katika siku zile mpishi wa Mzungu aliitwa "boi" hata kama alikuwa na mvi kichwani na wajukuu nyumbani. Alijifunza kazi kwa kutazama na kwa kukaripiwa. Ustadi wake ulikuwa mkubwa, lakini hakupewa karatasi ya kuuthibitisha, wala hakutazamiwa kuwa msimamizi wa mahali alipofanyia kazi. Basi watu waliiona kuwa ni kazi ya yule aliyekosa shule, na fikira hiyo ilibaki hata baada ya mambo kubadilika.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1975, Chuo cha Utalii cha Kenya kilipofunguliwa Nairobi, kando ya barabara ya Thika, kwa msaada wa Serikali ya Uswisi, nchi ambayo imeifanya kazi ya hoteli kuwa elimu kamili kwa muda mrefu. Chuo kilijengewa hoteli yake yenyewe ili wanafunzi wawahudumie wageni wa kweli wenye kulipa na wenye kulalamika. Fedha za kukiendesha zilipatikana kwa njia ya busara: mahoteli na mikahawa ilitozwa ushuru wa asilimia mbili ya mapato yake. Ushuru huo ungalipo, nao husimamiwa na Mfuko wa Utalii uliowekwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Kwa hiyo mgeni anayelala Mombasa au Kisumu huchangia, pengine bila kujua, elimu ya kijana atakayemhudumia mgeni mwingine kesho.

Lakini si lazima kijana wa Lurambi aende Nairobi. Karibu na nyumbani, katika barabara ya Kisumu, iko Sigalagala, chuo cha ufundi kilichopandishwa kuwa chuo cha kitaifa mwaka 2016, ambako masomo ya upishi na usimamizi wa hoteli hufundishwa. Viko pia vyuo vidogo vya ufundi vilivyo chini ya Serikali ya Kaunti tangu mwaka 2013. Kwa kawaida anayetaka diploma huhitaji alama ya C ya kutoa katika mtihani wa kidato cha nne, na anayetaka cheti huhitaji D. Aliyepata chini ya hapo aweza kuanza na mafunzo ya mkono na kupanda ngazi kidogo kidogo. Yafaa wazazi wakumbuke jambo hili, kwa maana ni wengi wanaodhani kwamba mlango umefungwa kumbe u wazi.

Sasa, ni nini hasa kinachofundishwa? Wengine hufikiri ni kupika tu, na kwamba kupika hujifunzwa kwa mama. Ni kweli kwamba mama hufundisha kupika kuku. Hafundishi, hata hivyo, kupika kuku mia moja na kujua kila kipande kimegharimu senti ngapi. Hebu tutoe mfano. Tuseme kuku mmoja amenunuliwa kwa shilingi 800, na mafuta, vitunguu, nyanya, unga wa ugali na mboga ni shilingi 200. Gharama yote ni shilingi 1,000. Kuku akikatwa vipande vinane, na kila sahani ikapewa viwili, zapatikana sahani nne, kila moja imegharimu shilingi 250. Mwenye kibanda asiyesoma hesabu hii huuza sahani kwa shilingi 350, akafurahi kwamba amepata faida ya shilingi 100. Kisha mwisho wa mwezi hashangai mtu mwingine ila yeye mwenyewe, maana kodi ya nyumba, mishahara, maji, moto, leseni na sahani zilizovunjika vyote vimetoka katika ile mia moja.

Kanuni inayofundishwa vyuoni ni kwamba gharama ya chakula isizidi sana theluthi moja ya bei ya kuuzia. Kwa kanuni hiyo sahani ile ni ya shilingi 750. Tena tazama: mpishi mzembe akimkata kuku yule yule vipande sita badala ya vinane, sahani huwa tatu. Mapato ya kuku mmoja yashuka kutoka shilingi 3,000 hata 2,250. Kisu kimoja kibaya kimemla mwenye hoteli shilingi 750, wala hakuna mwizi aliyeingia. Hii ndiyo sababu mwanafunzi hukaa wiki nyingi akijifunza kukata, kupima na kuandika kitabu cha ghala, akitoa kwanza kile kilichoingia kwanza ili kisiharibike nyuma ya kingine.

Somo la usafi nalo si la kuosha mikono tu. Mwanafunzi hufundishwa kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwa muda mrefu katika joto lililo kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, maana hapo ndipo vijidudu huzaana kwa upesi. Wali ulioachwa mezani usiku kucha waweza kuwa na sumu ambayo hata kuupasha moto tena hakuiondoi. Ni jambo dogo, lakini harusi ngapi zimeishia zahanati kwa sababu ya jambo dogo hilo! Tena sheria yamtaka kila mwenye kushika chakula cha kuuza apimwe afya na kupewa cheti, na cheti hicho hufanywa upya kila miezi sita.

Mbali na jikoni kuna mapokezi, kuna utunzaji wa vyumba, na kuna utumishi wa mezani. Kila idara ina elimu yake, na aliyepitia zote ndiye anayefaa kuwa meneja. Twaongeza neno moja juu ya adabu. Katika nyumba nyingi za Waluhya firigisi ya kuku huwekewa mwenye nyumba, na kila mtoto ajua hivyo bila kuandikiwa. Kijana aliyelelewa hivyo amekwisha kufahamu jambo ambalo mwalimu wa hoteli huhangaika kulieleza, yaani kwamba chakula kina heshima yake na mpangilio wake. Atakalojifunza chuoni ni kwamba mgeni wa kutoka Uhindi, Ujerumani au Somalia ana mpangilio mwingine, nao haupungui uzito kuliko wetu.

Wageni wenyewe wako wapi? Wengi hudhani kwamba mgeni ni mtu wa Ulaya mwenye kamera. Katika Lurambi wageni walio wengi ni Waafrika: wazazi wanaofika kwa mahafali ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, maofisa wanaokuja kwa mikutano ya kaunti, wachuuzi, na wenye misiba. Tarehe 20 Oktoba 2018, Sikukuu ya Mashujaa ilipoadhimishwa kitaifa katika uwanja wa Bukhungu, watu walikuja kutoka pande zote za nchi, nao walihitaji mahali pa kulala na chakula cha kula. (Neno "hoteli" lenyewe kwetu ni pana: laweza kuwa jumba la ghorofa tano au banda la chai na mandazi, na yote mawili yahitaji mtu aliyefundishwa.)

Wale wa mbali, wengi wao wanavutwa na msitu wa Kakamega, sehemu ya mwisho katika Kenya ya ule msitu mkubwa wa mvua ulioenea zamani kutoka Kongo. Sehemu ya kaskazini, upande wa Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Humo mna aina zaidi ya 300 za ndege na vipepeo wa aina nyingi mno. Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho, iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kuokolewa haraka, nayo ni jambo ambalo mgeni angependa kulieleza akirudi kwao. Mwaka 1995 vijana waongozaji wa huko Isecheno waliunda chama cha kufundisha watu juu ya msitu, na kazi yao imeonyesha kwamba mtoto wa jirani ya msitu, akiongeza vitabu juu ya yale aliyoyajua tangu utotoni, huwa mwongozaji asiyeshindika. Kuna chama cha kitaifa cha waongozaji wa safari ambacho hutoa mitihani ya daraja tatu, shaba, fedha na dhahabu. Mwenye kuvuka daraja hizo hupata kazi popote nchini.

Hayo ni mema. Haitakuwa haki kuyaficha mabaya. Kazi hii huyumba upesi kuliko nyingi. Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni mbili waliingia Kenya. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, hawakufika 600,000, na watumishi wengi walirudishwa nyumbani. Tena saa za kazi ni ndefu, sikukuu za wengine ndizo siku za kuchoka kwako, na hoteli ndogo nyingi hulipa sawa aliyesoma na asiyesoma. Kwa maoni yetu, kijana asiyependa kuhudumia watu asilazimishwe kuingia kwa sababu tu nafasi ilipatikana.

Hatari nyingine ni vyuo vya uongo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi aulize kama chuo kimeandikishwa na mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2013, na kama kozi ile yenyewe imeruhusiwa, kwa maana chuo chaweza kuwa na idhini ya ushonaji kikafundisha upishi. Aulize mtihani hutungwa na nani. Kisha aombe kuonyeshwa jiko. Chuo chenye wanafunzi sitini na meko mawili kinafundisha upishi ubaoni.

Na kwa wale wanaoahidiwa kazi za hoteli katika Dubai, Qatar au Saudia, wapo waliofanikiwa huko na kujenga nyumba huku Butsotso. Wapo pia walioahidiwa hoteli wakajikuta watumishi wa nyumbani. Wakala wa kupeleka watu ng'ambo hana budi kuandikishwa na Serikali, na orodha ya walioandikishwa hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Mkataba usomwe kabla ya kuondoka, utaje jina la hoteli, kazi, mshahara na saa, na nakala moja ibaki mikononi mwa wazazi.