Muziki Wodini: Namna Wimbo Unavyomsaidia Mtoto Anayetibiwa Saratani

Matibabu ya saratani ya damu kwa mtoto huchukua miaka miwili hadi mitatu. Katika muda huo mtoto huchomwa sindano mara nyingi, na baadhi ya sindano hizo hupitishwa mgongoni ili kupima majimaji ya uti wa mgongo na kuingiza dawa. Hofu ya sindano hiyo yaweza kuanza tangu usiku wa kuamkia siku ya kliniki. Wapo wazazi ambao, kwa kulemewa na nauli na kwa kushindwa kuvumilia vilio vya mwana, hukatiza matibabu kabla hayajakamilika. Nayo tiba iliyokatizwa huupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Kwa hiyo kila njia salama ya kumpunguzia mtoto hofu inastahili kufahamika. Mojawapo ni muziki.

Tiba ya muziki ni nini?

Ni matumizi ya sauti, midundo na nyimbo kwa lengo la kiafya, yakiongozwa na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Mtoto akiwa mchovu, mtaalamu humwimbia taratibu kwa kufuata pumzi zake. Akiwa na nguvu, humpa ngoma ndogo au kayamba apige, au humsaidia kutunga wimbo unaobeba jambo ambalo ameshindwa kulisema.

Ipo pia njia nyepesi zaidi, nayo ni kumsikilizisha mtoto nyimbo azipendazo wakati wa matibabu. Hii yaweza kusimamiwa na muuguzi au mzazi, na ndiyo iliyo karibu zaidi na familia nyingi za kata zetu.

Funzo kutoka Hanoi

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali ya watoto mjini Hanoi, Vietnam. Watoto 40 wenye saratani ya damu, wa umri wa miaka 7 hadi 12, waligawanywa katika makundi mawili ya watoto 20. Wote walivaa vipokea sauti masikioni walipokuwa wakichomwa sindano ya mgongo; kundi moja lilisikia nyimbo, jingine halikusikia chochote. Waliosikia nyimbo walieleza maumivu madogo zaidi, mapigo ya moyo na kasi ya kupumua vilikuwa chini, na hofu yao ilipungua kabla na baada ya sindano.

Utafiti mmoja wa watoto 40 haumalizi hoja, na tafiti za watoto bado ni chache kuliko za watu wazima. Hata hivyo, njia hiyo haikuhitaji mtambo wa gharama kubwa. Wimbo huvuta mawazo ya mtoto mbali na sindano, na kumruhusu achague wimbo humrudishia uamuzi kidogo mahali ambapo mambo karibu yote huamuliwa na watu wazima.

Mipaka na tahadhari

Muziki hauponyi saratani. Kinachotibu ni dawa, upasuaji na mionzi, kwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Asiwepo mzazi wa kuacha dawa kwa sababu mtoto anaonekana mchangamfu.

Dawa za saratani hupunguza kinga ya mwili. Hivyo kayamba na ngoma zisafishwe kabla ya kupewa mtoto mwingine, na filimbi isichangiwe. Baadhi ya dawa, kama sisplatini, zaweza kudhuru usikivu. Kwa hiyo sauti iwe ya chini. Mtoto akitaka ukimya, aachiwe ukimya wake.

Mzazi afanye nini?

Kabla ya safari ya kliniki, weka kwenye simu nyimbo ambazo mtoto amezichagua mwenyewe. Omba ruhusa ya muuguzi, kisha anza kuzipiga dakika chache kabla ya sindano. Pasipo simu, sauti ya mama, baba au bibi yatosha. Nyimbo za kubembelezea watoto hazijapitwa na wakati.

Dalili za kuzingatia

Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya mapema uonapo uvimbe usioeleweka, weupe ndani ya mboni ya jicho, homa isiyokoma, kupauka, kutokwa damu ovyo, maumivu ya mifupa au kupungua uzito bila sababu. Dalili hizi zaweza kutokana na maradhi mengine, lakini uchunguzi ndio utakaothibitisha. Ikibidi, mtoto atapewa rufaa kwenda hospitali zinazotibu saratani za watoto, zikiwemo Muhimbili, Bugando na KCMC.

Wazazi na walezi wanakumbushwa kutunza barua ya rufaa, kuhudhuria kliniki zote na kumweleza mhudumu wa afya mapema wanapokwama, ili matibabu ya mtoto yasikatike njiani.