Sindano Isiyo na Dozi ya Kumaliza: Kiswahili cha Dawa za Kupunguza Uzito

Wasomaji wa kijarida hiki wamezoea kutukuta tukijadili ngeli, viambishi na tanzu za fasihi. Safari hii tumeonelea tushughulikie karatasi ile nyembamba iliyokunjwakunjwa ndani ya kasha la dawa. Mwalimu wa Kiswahili hapa Arua, na zaidi huko Koboko, huletewa karatasi hiyo mara nyingi kuliko anavyoletewa mashairi. Awe amependa au hakupenda, yeye ndiye mkalimani wa mtaa. Kiswahili kilifika West Nile kikiwa kimevaa buti, kwa vinywa vya askari wa King's African Rifles waliotoka huku kwetu, na watu wengi waliendelea kukiona kuwa lugha ya amri na doria. Siku hizi kinaombwa kufanya kazi ya upole zaidi.

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili, mwenyeji wa Koboko, aliombwa na shangazi yake amtafsirie karatasi ya sindano ya kupunguza uzito. Shangazi huyo ni mwuza vitenge. Ana kisukari cha aina ya pili na uzito unaomwumiza magoti, na aliandikiwa sindano hiyo na daktari mjini Kampala. Kiingereza hakisomi. Kiswahili anakisoma vizuri kwa sababu ya miaka mingi ya kufanya biashara na watu wa ng'ambo ya mpaka. Mwanafunzi alituletea rasimu yake tuipitie, na upatanisho wa kisarufi ulikuwa safi kabisa. Hata hivyo, kama shangazi angeifuata kama ilivyoandikwa, angeacha dawa baada ya mwezi mmoja.

Kabla ya kueleza kosa lilikuwa wapi, yafaa tuseme dawa yenyewe ni nini. Utumbo wa binadamu hutoa homoni iitwayo GLP-1 kila tunapokula. Homoni hiyo huliambia kongosho litoe insulini pale sukari inapopanda, hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula kwenda kwenye utumbo, na huufikishia ubongo habari kwamba mtu ameshiba. Ile ya asili hudumu dakika chache tu katika damu. Wanasayansi walitafuta inayofanana nayo lakini inayokaa muda mrefu, na mojawapo ya vianzio vya utafiti huo ilikuwa mate ya mjusi mmoja mwenye sumu wa jangwa la Marekani. Dawa iliyotokana na utafiti huo, eksenataidi, iliidhinishwa huko Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya kisukari. Baadaye zikaja liraglutaidi, semaglutaidi na tirzepataidi. Semaglutaidi iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa kisukari, kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 kwa uzito, kwa jina la Wegovy. Hii huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono wa juu, mara moja kila wiki. Haichomwi kwenye msuli wala kwenye mshipa wa damu, jambo linalohitaji kusemwa waziwazi mahali ambapo neno sindano huwakumbusha wengi matako.

Sasa turudi kwenye rasimu. Iliandikwa hivi: 'Anza na dozi ya miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki nne.' Neno lenye matata ni dozi. Katika Kiingereza, neno lililozaa dozi lina maana ya kiasi kinachotumiwa kwa mara moja. Kiswahili kililichukua neno hilo kikalipanua. Kwetu sisi dozi ni matibabu yote, toka kidonge cha kwanza hadi cha mwisho. Tukimwambia mgonjwa wa malaria 'maliza dozi', hatumaanishi ameze vidonge vya asubuhi. Tunamaanisha avimeze vyote vya siku tatu, hata kama homa imekwisha. Kwa hiyo shangazi akisoma 'dozi kwa wiki nne', ataelewa, na ataelewa sawasawa kwa mujibu wa lugha yake, kwamba wiki nne zikiisha dozi imekwisha na yeye amepona.

Kumbe wiki nne hizo ni mlango tu. Miligramu 0.25 ni kiasi kidogo cha kulizoeza tumbo, kwani dawa hii huleta kichefuchefu, kutapika, kuhara au kufunga choo, hasa mwanzoni. Kwa anayetibiwa uzito, kiasi hicho hupandishwa kila baada ya wiki nne: 0.5, kisha 1, kisha 1.7, hadi 2.4. Anayeacha wiki ya nne amekula gharama na kichefuchefu bila kufika kwenye kiasi kinachofanya kazi.

Zaidi ya hapo, hata anayefika mwisho wa ngazi hajafika mwisho wa dawa. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopewa semaglutaidi walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Wote walishauriwa pia juu ya chakula na mazoezi. Baadhi yao walifuatiliwa mwaka mmoja zaidi baada ya kuacha sindano, na walirudisha takribani theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Unene uliokithiri, kwa maelezo haya, unafanana na shinikizo la damu: dawa hushikilia hali, na mkono ukiachia, hali hurudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2025, lilipendekeza dawa hizi kwa watu wazima wenye unene wa kiwango hicho, isipokuwa wajawazito, zikiwa tiba ya muda mrefu. Pendekezo hilo lilitolewa kwa masharti, kwa sababu ya bei, uwezo wa mifumo ya afya, na uchache wa ushahidi kuhusu matumizi ya miaka mingi.

Hapa West Nile kuna sababu nyingine ya kulisimamia jambo hili. Kumbukumbu yetu ya sindano ni kumbukumbu ya malale. Wazee wa Omugo, Koboko, Yumbe na Maracha wanakumbuka timu zilizopima vijiji, sindano ya mgongo ya kutazama kama vimelea vimefika kwenye ubongo, na melasoproli, dawa yenye aseniki iliyochoma mishipa na wakati mwingine kuua mgonjwa. Baadaye ilikuja eflonithini, iliyopitishwa kwa mshipa mara nne kwa siku kwa siku kumi na nne. Yalikuwa mateso yenye hesabu. Mtu alihesabu chupa, zikaisha, akarudi nyumbani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondoa malale ya aina ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii. Basi ukimwambia mzee wa huku habari ya sindano isiyo na mwisho, unamwambia kitu kinachopingana na alichokiona kwa macho yake. Mfano ulio karibu zaidi ni insulini, au sindano ya uzazi wa mpango ambayo akina mama hurudia kila baada ya miezi mitatu. Tulimshauri mwanafunzi autumie huo wa pili, kwa kuwa kila mwanamke sokoni anaujua.

Katika rasimu ya pili neno dozi lilitoka kabisa. Tulifikiria kipimo, lakini kipimo nacho ni kile anachokwenda mtu kufanyiwa maabara. Tukatua kwenye 'kiasi cha dawa kwa kila sindano'. Ni maneno mengi, ila hayapotoshi. 'Mara moja' nayo tuliiandika 'mara moja kila wiki' bila kuikata popote, maana 'choma mara moja' ikisimama peke yake ni amri ya haraka.

Ulibaki utata tulioupenda kuliko yote, kama mwalimu wa lugha anaruhusiwa kupenda utata katika dawa. Karatasi inataka mtu achague siku moja ya juma na kuishikilia. Mwanafunzi aliandika Jumatatu. Sasa, Jumatatu maana yake ni siku ya tatu, kwa kuwa hesabu yetu huanzia Jumamosi, baada ya Ijumaa. Lakini Koboko ni njia panda. Kwa Kilingala, mokolo ya misato, siku ya tatu, ni Jumatano. Kwa Kiganda, Lwakusatu, yenye tatu ndani yake vilevile, ni Jumatano. Kwa Kiarabu, mzazi wa Kinubi kinachosemwa na majirani wetu, siku yenye tatu ndani yake ni Jumanne. Tatu hiyohiyo huangukia siku tatu tofauti kati ya kituo cha basi na soko! Kinga yake ni rahisi: andika jina la siku, kisha ulifunge kwa jambo linalojulikana. Kwa shangazi tuliandika 'Jumapili, siku ya kwenda kanisani', na hapo hakuna lugha inayoweza kumpotosha. Akisahau, asichome mbili kwa pamoja ili kufidia.

Kuna neno jingine linalohitaji uangalifu, nalo ni kukonda. Wanafunzi hulitumia bila kusita: 'dawa ya kukonda'. Huku kwetu, kumwambia mtu amenenepa ni kumpongeza, na kumwambia amekonda ni kumpa pole. Katika Uganda ya miaka ya 1980 UKIMWI wenyewe uliitwa Slim, yaani wembamba, na waliokuwa watu wazima wakati ule hawajasahau. Mama mfanyabiashara akipungua kilo kumi na tano katika mwaka mmoja, soko zima litakuwa na maelezo yake. Baadhi ya wagonjwa wanaweza kuacha dawa kwa kuogopa maelezo hayo tu. 'Kupunguza uzito' ni bora, na 'kudhibiti uzito' ni bora zaidi pale tiba inapokuwa ya muda mrefu. Kwa ugonjwa wenyewe tunapendelea 'unene uliokithiri'. 'Kiribatumbo' ya magazeti ya Tanzania inachekesha, lakini mgonjwa hapendi kuchekesha. Kitambi kiachwe kwa maana yake, kwani mtu aweza kuwa na kitambi bila ugonjwa huu.

Maonyo ya karatasi hayakutupa shida ya lugha, ila yasirukwe: maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, ambayo yaweza kuwa kongosho au mawe kwenye mfuko wa nyongo, ujauzito, ambapo semaglutaidi huachwa angalau miezi miwili kabla ya kuutafuta, historia ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo katika ukoo. Anayechoma na insulini pia, sukari yaweza kushuka mno.

Kuhusu kuhifadhi tutasema zaidi, kwa sababu karatasi iliandikwa na watu wasiotujua. Kalamu ambayo haijafunguliwa yatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda, na iliyofunguliwa isipite nyuzi 30, kwa wiki chache zilizotajwa kwenye kasha. Januari na Februari mchana wa Arua hupita nyuzi hizo bila kuomba ruhusa. Kwa miaka mingi mkoa huu uliishi nje ya gridi ya taifa, ukitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak kilichoanza kazi mwaka 2012, na yeyote aliyekuwa na friji anajua maana yake. Tafsiri isemayo 'weka mahali pa baridi' imempa msomaji ruhusa ya kuiweka kando ya mtungi. Tuandike friji, na tuandike nyuzi.

Halafu kuna wauzaji wa mkononi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023. Mwaka huohuo, Austria, watu walilazwa baada ya kuchoma bandia, na sukari yao ikashuka kwa namna iliyowafanya wakaguzi kushuku kwamba ndani mlikuwa na insulini. 'Dawa ya kuandikiwa na daktari' kwa hiyo yabidi ifasiriwe kwa ukamilifu: cheti cha daktari, duka la dawa lenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, kasha lisilofunguliwa.

Jambo moja bado hatujakubaliana idarani. Chombo chenyewe tumekiita 'kalamu ya sindano', na mwenzetu mmoja anaona kwamba kwa msomaji wa kijijini kalamu ni ya kuandikia, basi ingefaa 'bomba la sindano la kupigia hesabu'. Sisi tunaona bomba hilo ni refu kuliko sindano. Walimu wa Koboko, Maracha na Arua ambao wamesikia wauguzi au wagonjwa wakikiita kwa jina jingine wanaombwa watuletee jina hilo kabla ya toleo lijalo.